Kapteni Kiraka Amepona, Sisi Bado

Jumatano, 5 Juni

Kapteni Kiraka amevua kiraka. Naandika leo leo ili kesho nisije kusema niliota.

Ilikuwa saa kumi na moja na nusu jioni, kama kila Jumatano na Jumamosi. Msimu wa tano, sehemu ya kumi na moja. Mchumba wake kalia, chozi moja likamdondokea usoni, kiraka kikaanguka chenyewe. Jicho zima kabisa! Miaka minne jicho hilo linapenya kuta na kuona majambazi waliojificha ndani ya kontena, leo limeponywa na chozi. Muziki. Kukumbatiana. Tangazo la sabuni.

Binti yangu ana miaka mitano. Humu ndani tunamwita Mwenyekiti, maana hakuna kikao kinachofungwa mpaka aseme yeye. Alitazama tangazo lote la sabuni. Kisha akabandua kiraka chake jichoni, akakibandika kwenye mkono wa kochi, akatangaza kwamba tumepona.

Hatujapona. Jicho lake la kushoto ni vivu, ndivyo alivyosema nesi wa macho. Tunaliziba la kulia kwa muda wa saa nne kila siku, ili la kushoto likose wa kumtegea na lifanye kazi. Akifika miaka saba, nesi alisema, ubongo unakuwa umeshaamua kutolitumia, na hapo tutahangaika sana. Kliniki ni tarehe 20. Mwezi wa kwanza Mwenyekiti alilia kila siku, shuleni wakimwita chongo. Nikamwonyesha Kapteni. Kilio kikaisha. Wale wale waliomwita chongo wakaja kumwomba wajaribu kiraka.

Sasa Kapteni katuacha kwenye mataa.

Baba Mwenyekiti anasema tuwape muda, waandishi wanajua wanakokwenda. Amekuwa akisema hivyo tangu msimu wa tatu walipomleta mbwa anayeongea.

Alhamisi, 6 Juni

Kiraka kimekataliwa. Nilimbandika, akabandua. Nikambandika, akabandua. Cha tatu nilikibandika kwa nguvu kidogo, kikatoka na nywele mbili tatu za nyusi. Akalia. Nikamwomba radhi, nikambeba, nikambandika tena. Huruma ni huruma, jicho ni jicho. Akaketi nacho dakika sita.

Mpango wa kwanza: Kapteni wa jana ni feki.

Nilimweleza Mwenyekiti kwamba yule si Kapteni mwenyewe, ni tapeli. Akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia tazama joho. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule mwaka wa sita sasa, kwa joho sidanganyiki. Msimu wa kwanza joho la Kapteni lilikuwa satini nzito, pindo limekunjwa mara mbili na kushonwa kwa mkono. Akiruka, lilianguka vizuri mgongoni kama pazia la benki. La jana ni nailoni ya mwavuli. Pindo limegundishwa! Nililiona likiachia kwenye bega.

Mwenyekiti alifikiri sana. Akasema tumsubiri baba.

Baba Mwenyekiti anaoka mikate. Hutoka nyumbani alfajiri na kurudi mchana, unga masikioni. Nilimkonyeza mlangoni. Nilimkonyeza tena. Akaniuliza kama na mimi jicho linanisumbua, halafu akamwambia mtoto ukweli wote: ni Kapteni yule yule, ila kapona.

Mume mkweli ni zawadi. Kuna siku unatamani kuirudisha.

Ijumaa, 7 Juni

Mpango wa pili: barua kwa kituo cha televisheni.

Nimeiandika kazini, chini ya rundo la suruali. Kurasa tatu. Ili isionekane ni ya mtu mmoja mwenye uchungu wake, nimeanzisha Umoja wa Wazazi wa Watoto Wenye Viraka. Mwenyekiti wa Umoja ni mimi. Katibu ni mimi, mwandiko wa kulala. Mweka hazina pia ni mimi, kwa mkono wa kushoto, na sahihi yake imetoka kama ya mtu mgonjwa sana.

Umoja umelalamika yafuatayo: joho, mbwa, Daktari Kutu, ambaye alikuwa akiyeyusha madaraja na sasa ni baba mkwe wa Kapteni, anakuja kula na kuhudhuria vikao vya harusi, daraja lililotikisika Kapteni alipopita karibu nalo, kabla hajaligusa, na yule bwana mwenye shati la mistari aliyekufa sehemu ya tatu na akafa tena sehemu ya nane, shati lile lile. Mwisho Umoja unadai kiraka kirudi jichoni kabla ya tarehe 20 Juni. Hatukutoa sababu. Ukitoa sababu wanakuona mnyonge.

Nikapiga picha kurasa zote, nikazituma kwenye namba inayopita chini ya skrini. Jibu likaja palepale: Asante kwa maoni yako, endelea kufurahia vipindi vyetu.

Palepale! Hata katibu hakuwahi kuvuta pumzi.

Jumamosi, 8 Juni

Mpango wa tatu: televisheni imeugua.

Asichokiona hakitamharibu zaidi. Niliuchomoa waya wa nyuma, nikauficha ndani ya sufuria kubwa. Saa kumi na moja na nusu nikabonyeza rimoti kwa masikitiko. Giza. Nikatikisa kichwa kama fundi.

Mwenyekiti hakulia. Alivaa ndala zake, akaenda kwa shangazi yake.

Shangazi yake, yaani Wifi yangu, anakaa nyumba ya pili. Ana televisheni iliyobaki kidogo tu kuziba dirisha. Nilimkuta Mwenyekiti kalazwa kwenye mto, kapewa biskuti, macho yote mawili wazi kama saa. Kwenye skrini Kapteni alikuwa anachagua viti vya harusi. Sehemu nzima, viti!

Wifi akaniuliza kwa sauti ya kunisikitikia: Wifi, mtoto huyu unamziba kila siku kama dirisha la stoo, amekukosea nini? Macho ya ukoo wetu ndiyo yako hivyo. Hata mimi nilikuwa hivyo na nikapona mwenyewe.

Nikamwambia nesi hakusema hivyo. Akasema nesi si ukoo.

Nikamchukua mtoto wangu. Nikachukua na biskuti mbili, za hasira. Nyumbani nikakuta Baba Mwenyekiti anataka kuchemsha maji kwenye sufuria kubwa. Anauliza waya huu ni wa nini.

Jumapili, 9 Juni

Mpango wa nne: pipi. Pipi moja kwa kila nusu saa ya kiraka.

Mwenyekiti aliomba nafasi ya kufikiri, akaenda chini ya meza. Akarudi na masharti. Pipi kwanza, kiraka baadaye. Nikakubali, nilikuwa nimechoka, nguo za wiki nzima zilikuwa kwenye beseni. Akala pipi. Akavaa kiraka. Akahesabu mpaka kumi na nne, ndipo hesabu zake zinapoishia, akasema nusu saa imekwisha.

Nimevunja mkataba. Pipi zimewekwa juu ya kabati. Kiraka kimekaa jichoni dakika ishirini jumla, na hizo ni za alipokuwa amelala mchana, ambazo nesi alisema hazihesabiki.

Siku ya nne sasa. Nimeweka alama kwenye kalenda ya jikoni. Zimebaki kumi na moja.

Jumatatu, 10 Juni

Mpango wa tano, na huu ulikuwa mzuri: nivae kiraka mimi.

Akiona mama amevaa, atavaa. Nilikibandika asubuhi, jicho la kulia kama lake. Akanitazama. Akasema nimependeza. Akaenda shule bila chake.

Sikutaka kubandua mbele yake, nikaenda nacho kazini. Nilidhani cherehani naijua hata gizani. Kufika saa nne nimeshona zipu tisa, na zote tisa upande si wake. Suruali tisa za wavulana wa darasa la tatu ambazo hakuna mvulana angeweza kuzifunga bila kusaidiwa na mwenzake.

Fundi Mkuu, mama mwenye karakana yetu, aliziona. Nikajiandaa kufokewa. Hakufoka. Alinivuta pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nyumbani ni salama. Nikasema ni salama. Akaniuliza chini ya kiraka kuna nini. Nikasema jicho. Akaniambia mwanangu, hata mimi nilikuwa nikisema nimegonga mlango. Nikamwambia ni kwa ajili ya Kapteni. Akauliza, huyo kapteni ndiye mumeo?

Hapo ndipo ningevua kiraka mambo yakaisha. Sikuvua. Nilikuwa nimejiwekea masaa manne.

Mchana Fundi Mkuu na mafundi wawili wakatoka, nikadhani wanakwenda kula. Walikwenda bekari. Baba Mwenyekiti amerudi nyumbani na mkate uliokandamizwa, na uso wa mtu asiyejua amekanyaga nini. Kaniambia amesimamishwa mbele ya oveni na wanawake watatu, mmoja ana mkasi shingoni, wakamwambia anyooke. Akawaambia sawa, atanyooka. Sasa anauliza anyooke wapi.

Jumanne, 11 Juni

Nimefumua zipu tisa. Nimemweleza Fundi Mkuu kila kitu tangu msimu wa kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema kumbe hata yeye aliacha kutazama alipokuja yule mbwa.

Wifi amekuja jioni kwa miguu ya kishindo. Habari zimemfikia kwamba kaka yake anapiga. Aliyemlea mgongoni! Ati nimemchafulia jina mpaka kwenye unga. Nikamwambia Wifi, jina litasafishika. Akasema sijazoea kuomba msamaha, inaonekana. Nikasema samahani. Akasema hiyo haikutoka moyoni. Akakaa kunywa chai.

Wakati namimina chai nilikuwa nimevaa kiraka tena. Ukaidi, na siku ya sita. Chai yote ikaenda mezani, kikombe kikabaki kimekauka. Wifi akaruka. Mwenyekiti akacheka mpaka akakaa chini.

Alipomaliza kucheka akaniuliza, Mama, huoni vizuri? Nikasema naona, ila kikombe kama kinahama. Akatikisa kichwa kama mtu anayezijua kazi hizo. Akasema kwake si kikombe tu. Nikimziba, uso wangu unafutika. Anaona nywele, anaona gauni, katikati hakuna mtu.

Nikamuuliza mbona hakusema siku zote hizo.

Akasema Kapteni alikuwa anaona mpaka nyuma ya ukuta, kwa hiyo alikuwa anasubiri na yeye aanze.

Wifi hakusema kitu cha ukoo. Nami nilifuta meza. Nilifuta mahali palipokwisha kukauka.

Jumatano, 12 Juni

Harusi ya Kapteni. Sehemu ya kumi na tatu. Daktari Kutu katoa hotuba dakika tisa, kasifu upishi. Mbwa kasimamia pete. Joho limeachia pindo bega zima na hakuna hata mmoja pale aliyekuwa na sindano.

 Mwishoni Baba Mwenyekiti akasema labda msimu wa sita.

Msimu wa sita sisi hatuna. Kliniki ni Alhamisi ya wiki ijayo.

Mpango wa sita umenijia nikiwa naosha vyombo. Kama wao hawawezi, tutacheza wenyewe. Jumamosi, saa kumi na moja na nusu, sebuleni. Kapteni halisi, joho halisi, kiraka jichoni. Kapteni ni Baba Mwenyekiti. Amekataa. Nimemkumbusha kwamba ameahidi mbele ya mashahidi watatu kunyooka.

Ijumaa, 14 Juni

Joho limekwisha. Fundi Mkuu kanipa mabaki ya satini ya bitana, rangi ya damu ya mzee. Pindo mara mbili, kwa mkono. Nimemvika Baba Mwenyekiti akageuka mbele ya kioo mara nne. Tatu zilikuwa za kuangalia vipimo.

Hatuna Daktari Kutu. Nikaenda kwa Wifi. Akasema hana muda wa michezo ya kitoto. Nikasema nimeelewa, nitamtafuta mwingine anayeweza kutisha. Akaniita nikiwa mlangoni. Akauliza Kutu anavaa nini.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika kwa mpangilio, maana palikuwa na vurugu.

Mwenyekiti aliletwa, akaketishwa kwenye kochi. Kiraka chake nilikiweka pembeni yake bila kusema kitu. Nilimwambia hii ndiyo sehemu ya kumi na nne ya kweli. Akasema ataona.

Wifi akatoka nyuma ya pazia na kofia ya sufuria na kanga mbili nyeusi. Alicheka kicheko ambacho sikukiandika mimi. Alisema atayeyusha nyumba hii, kuanzia jikoni, ambako hata hivyo hakujapigwa deki vizuri. Watu wawili waliokuwa wakipita njia wakasimama dirishani. Lazima niseme ukweli: msimu wote wa tano hawana mtu kama yule.

Kapteni akaitwa. Katika mpango, anaingia kwa kasi, ananyanyua benchi, anamwokoa mama, yaani mimi. Akaingia kwa kasi, kiraka jichoni. Akagonga fremu ya mlango kwa bega. Akageuka kuomba radhi kwa mlango. Akanyoosha mkono kushika benchi, akashika hewa. Akanyoosha tena, hewa. Hatua moja nyuma, akakanyaga joho lake mwenyewe, akakaa kwenye beseni la nguo.

Pindo halikuachia. Naliandika hilo.

Nikajua tumekwisha. Nikafumba macho. Nikamsikia Mwenyekiti anacheka, kisha hacheki. Nilipofumbua alikuwa amesimama mbele ya beseni, kiraka jichoni. Amekibandika mwenyewe, kimekaa upande kidogo. Alikuwa anamwambia baba yake kwamba siyo hivyo. Ukifungwa jicho, usiende mbio. Geuza kichwa kizima, si jicho tu. Gusa kwanza meza, meza haihami. Kutoka meza mpaka mlango ni hatua tano. Zako labda tatu. Haya nishike.

Na mtu mzima mwenye joho akamshika mkono mtoto wa miaka mitano, wakazunguka sebule polepole wakigusa vitu. Daktari Kutu akauliza kwa sauti ndogo kama anaendelea kuyeyusha. Nikamwambia Wifi, subiri.

Walizunguka mpaka chakula. Baba Mwenyekiti hakuigiza hata kidogo. Hajui kuigiza, ndiyo maana. Mwenyekiti alipombana aseme akanyage wapi, alikuwa kweli hajui.

Kiraka kimekaa jichoni kwa muda wa saa moja na dakika arobaini! Mpango umefanikiwa. Sikuwa nimeupanga hivyo, lakini ilitokea ndani ya mpango wangu, kwa hiyo ni wangu.

Jumatatu, 17 Juni

Mafunzo yanaendelea. Baba Mwenyekiti akirudi mchana anavaa kiraka, mkufunzi anavaa chake, wanakwenda hadi saa kumi na mbili jioni. Jumla ya saa nne jana, saa nne leo. Leo wamemimina maji kwenye vikombe. Mwanafunzi kamwaga, mkufunzi kamwambia asijali, hata mama alimwaga.

Wifi amekuja mara mbili kuulizia kama Kutu anahitajika. Nimemwambia tutamwita.

Alhamisi, 20 Juni

Kliniki. Mwenyekiti kasimama kwenye alama, jicho la kulia limezibwa, kasoma picha ukutani: nyumba, ua, mwavuli, tufaha. Mwezi uliopita aliishia kwenye ua. Mstari mmoja zaidi, na nusu ya mwingine. Nesi alitazama kadi, akatutazama, akauliza tumefanyaje na mbona baba ana alama nyekundu kuzunguka jicho.

Kisha Mwenyekiti akageuka bila kuambiwa, kiraka bado jichoni, akanitazama usoni kwa muda mrefu. Akasema nina kidoti kwenye pua.

Ninacho. Ni kidogo sana. Nilijifanya natafuta leso ya mtoto.

Nesi anasema kiraka kiendelee, na sasa pia miwani. Fremu nene ya plastiki, mchana kutwa, mpaka atakaposema yeye. Mwenyekiti akauliza miwani ni ya nini. Nesi akaeleza vizuri. Mwenyekiti akasema atafikiri.

Jumamosi, 22 Juni

Kapteni Kiraka amerudisha kiraka!

Sehemu ya kumi na sita. Hakuna maelezo. Kaamka tu asubuhi akakivaa, mke wake hakushtuka. Baba Mwenyekiti akaruka kwenye kochi akisema si niliwaambia. Nami nikafikiria kurasa zangu tatu, katibu wangu, mweka hazina wangu mgonjwa. Kwa hiyo wanasoma!

Ila kiraka wamekiweka jicho la kushoto. Miaka minne la kulia, leo la kushoto. Hakuna aliyemwangalia yule mtu kabla ya kamera kuwashwa.

Nilimgeukia Mwenyekiti kwa hofu. Alikuwa na miwani yake mpya, na kiraka chini ya kioo cha kulia, mahali pake. Akamtazama Kapteni kama Fundi Mkuu anavyotazama zipu. Akasema huyu hajui chochote, aje Jumatatu mchana afundishwe pamoja na baba. Akaenda kucheza.

Baba Mwenyekiti anasema basi, yamekwisha, mtoto hamhitaji tena yule bwana, tuzime televisheni tupumzike.

Wanaume hawaoni mbali. Miwani hiyo ni ya mchana kutwa, na kuna siku itakataliwa. Lazima mtu ajipange. Nimeshatoa karatasi. Umoja wa Wazazi unadai Kapteni avae miwani ya fremu nene kabla ya Jumatano, na jicho lirekebishwe. Umoja umekua, sasa tuna mjumbe wa nne. Sahihi yake nimeiandika kwa mkono wa kushoto, jicho moja limezibwa, na ndiye anayeonekana mkweli kuliko wote.